Sura ya Tano: Roho ya Kilokele, Mikono ya Kizungu

Mwaka 1938 John Carrington, Mwingereza wa miaka 24, alifika Yakusu, misheni ya Wabatisti iliyo ukingo wa kulia wa Mto Kongo, chini kidogo ya Stanleyville. Leo mji huo ni Kisangani, na anayekwenda Yakusu kwa barabara hutoka mjini kuelekea magharibi, akauacha nyuma mtaa wa Simi-Simi na kiwanja chake cha zamani cha ndege, na baada ya hapo yuko kwa Walokele. (Wabelgiji wa umri fulani wanalijua jina la Simi-Simi kwa sababu nyingine: hapo ndipo askari wao wa miavuli walipodondoka alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa Simba. Hiyo ni habari ya kitabu kingine.)

Walokele ni wavuvi na wachuuzi wa mtoni, na enzi hizo habari zao zilisafiri kwa ngoma ya gogo lililochongwa likaachiwa mpasuo mrefu juu, mdomo mmoja ukitoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. Siku moja Carrington alikwenda kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa, akakuta watu wamekwisha kukusanyika wakimngoja. Ngoma ilikuwa imemtangulia. Akaazimia kuijua. Kitabu alichokichapisha mwaka 1949 kuhusu ngoma zinazosema kilieleza siri yake: Kilokele ni lugha ya toni, na ngoma hupiga toni peke yake. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilezile, mpigaji haachi neno likae pweke. Hulivisha maneno mengine mengi ambayo kila msikilizaji anayajua kwa moyo. Ili usikie ngoma, sharti uwe na mamia ya mafungu hayo kichwani, na hakuna aliyetoka nayo tumboni mwa mamaye. Carrington aliyapata ukubwani, kwa miaka mingi. Mgeni kutoka Marekani aliyemtembelea mwaka 1954 huko Yalemba, chini zaidi ya mto, alimkuta bado anatembea msituni kila siku, na saa ya chakula mkewe akimwita kwa ngoma.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuishi kijijini bila kuelezwa. Mlokele mmoja alimweleza hivi: Carrington si Mzungu hasa, ngozi isikudanganye. Alikuwa mtu wa kijiji chetu, akafa, na mizimu ikakosea. Ikaipeleka roho yake mbali, kwenye kijiji cha Wazungu, ikaingia ndani ya kitoto cha mama wa Kizungu badala ya mama wa kwetu. Lakini kwa kuwa ni wetu hakuweza kusahau alikotoka, ndiyo maana amerudi. Na kama mikono yake ni mizito kidogo kwenye ngoma, lawama ni ya elimu duni aliyopewa huko na Wazungu.

Msomaji wa leo hucheka, na kicheko ni halali. Lakini achana na mizimu kidogo, tazama jinsi msemaji alivyogawa. Mvuto wa Carrington kwa watu hawa, ule uliomfanya avuke bahari na kukaa, umewekwa upande wa kuzaliwa. Uzito wa mikono umewekwa upande wa malezi. Hakusema kwamba Carrington ni nusu Mlokele nusu Mwingereza. Hakutoa asilimia. Alichukua sifa moja baada ya nyingine, akaitafutia kila moja njia iliyoileta. Naona alikuwa mbele ya sehemu kubwa ya ubishi tunaoufanya sisi tukiuliza kama mtu ni hulka au ni malezi, kana kwamba lazima jibu liwe moja kwa mtu mzima-mzima.

Waswahili hatuna haki ya kumcheka. Methali zetu zimesimama pande zote mbili za mto. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema. Kisha kabla hatujamaliza kikombe tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na angalia zinatumika lini. Ni nadra kuzisikia mtoto akiwa wa miezi sita, wakati zingekuwa utabiri. Huja baadaye, mambo yakiwa yamekwisha kuonekana, na mara nyingi huja na mgawanyo wa kifamilia: mtoto akifaulu, damu ya ukoo wa baba imejionyesha, akiharibika, mama hakumlea. Ubishi wa hulka na malezi ulikuwa wa nyumbani, wenye mshindi na mshindwa, muda mrefu kabla ya kuingia chuo kikuu.

Huko vyuoni ulikoingia, njia moja ya kuukwepa imekuwa kuwapanga watu katika aina. Mwaka 1921 Mswisi Carl Jung alichapisha kitabu chake cha aina za nafsi, kilicholeta mjini maneno ya mtu wa ndani na mtu wa nje, anayejichota nguvu upweke na anayejichota nguvu kwa watu. Miaka minne baadaye Jung alikuja kwetu. Alitua Mombasa mwaka 1925, akapanda hadi miteremko ya Mlima Elgon, akakaa na wenyeji wiki kadhaa akiwauliza ndoto zao, kisha akashuka Uganda na kufuata Nile hadi Misri. Huko Marekani, mama mmoja aliyesoma kitabu chake, Katharine Briggs, pamoja na bintiye Isabel Briggs Myers, walikitengenezea maswali. Hakuna kati yao aliyekuwa mwanasaikolojia. Dodoso lao lilianza kuchukua sura wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo linawagawa watu mafungu 16, kila fungu na herufi zake nne, ambazo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam huziandika kwenye wasifu wao mtandaoni karibu na nyota zao.

Kasoro ya mafungu hayo ni rahisi kuieleza. Pima upole wa watu elfu moja, au uchangamfu wao, na hutapata marundo mawili yenye bonde katikati. Utapata rundo moja, wengi wakiwa katikati na wachache kwenye ncha. Dodoso la aina huchora mstari hapo katikati penye msongamano, kisha huwaambia watu wawili walioachana kwa swali moja kwamba wao ni viumbe tofauti. Ndiyo sababu wapimaji makini wamehamia kwenye vipimo vya kiwango: si wewe ni nani, bali una kiasi gani cha hiki na cha kile. Sitakaa zaidi hapo, kwa sababu aina halisi, zile zenye bonde la kweli katikati, zipo, na bonde lenyewe ni maji yanayopita Simi-Simi.

Kaskazini ya Mto Kongo kuna sokwe. Kusini yake kuna bonobo, na hakuna pengine popote duniani wanapoishi bonobo wa mwituni. Wote wawili hawajui kuogelea. Wazee wao walikuwa wamoja, wakatengana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita, na mto ukabaki ukuta. Jenomu ya bonobo iliposomwa mwaka 2012 ilionekana kuachana na ya sokwe kwa asilimia 0.4 tu. Lakini tabia! Sokwe wa Gombe, kule Kigoma, walipigana kuanzia 1974 hadi 1978 mpaka kundi moja likawamaliza madume wa kundi la jirani, mmoja mmoja, Jane Goodall na wenzake wakishuhudia. Bonobo wa Wamba, waliofuatiliwa na Wajapani wakiongozwa na Takayoshi Kano kuanzia miaka ya 1970, wakikutana kundi na kundi hupiga kelele, kisha hukaa pamoja, hula pamoja, na huchezeana miili kwa namna inayowafanya waandishi wa vitabu vya watoto waruke ukurasa. Kwa sokwe dume ndiye mkubwa. Kwa bonobo majike hushikamana, na dume mtukutu hukiona.

Kabla sayansi haijajua kwamba kuna viumbe wawili, mtu mmoja aliwalea wote wawili chini ya paa moja. Robert Yerkes, mwanasaikolojia wa Marekani, alinunua mwaka 1923 watoto wawili aliodhani ni sokwe, dume akamwita Chim na jike Panzee. Chim alimroga. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kujifunza, asiye na hofu, na alimhurumia Panzee aliyekuwa mgonjwa. Yerkes alikuwa mtu aliyeamini sana vipimo vya akili na urithi, lakini mbele ya Chim alifanya kama mzazi yeyote: aliandika kitabu mwaka 1925 akimsifu kama mtu binafsi, mwenye haiba ya pekee isiyo na mfano. Chim alikwisha kufa mwaka uliotangulia. Mwaka 1929 Ernst Schwarz, akichunguza fuvu katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, alitangaza kwamba kusini ya mto kuna sokwe wa namna nyingine, na mwaka 1933 Harold Coolidge akampa hadhi ya spishi kamili. Chim alikuwa bonobo. Haiba ile ya pekee, walau kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya ukoo wake wote.

Mtetezi wa hulka angependa kusimamisha sura hapa. Lakini mto una ukingo wa pili. Karibu na Kinshasa, kwenye maporomoko madogo ya Lukaya, kuna hifadhi ya yatima inayoitwa Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André, ambamo bonobo wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara wa nyama na wanyama hulelewa na akina mama wa Kikongo, kila mtoto na mama yake wa kuajiriwa. Zanna Clay na Frans de Waal walikaa hapo wakihesabu machozi, kama tunaweza kuita hivyo: nani amepigwa, amelia muda gani, nani amekuja kumkumbatia. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 ni haya: waliozaliwa hapohapo hifadhini na kulelewa na mama zao wa kuwazaa walitulia upesi zaidi baada ya kuumizwa, na ndio waliokwenda zaidi kuwafariji wengine. Yatima walichelewa kutulia na walikuwa wazito kufariji. Wote ni bonobo, wote wa damu moja, wa spishi inayosifiwa dunia nzima kwa huruma. Anayeshindwa kujituliza mwenyewe hana nafasi ya kumtuliza mwenzake.

Na sifa yenyewe ya upole imekuja kuulizwa maswali. Mwaka 2024 ilichapishwa tafiti iliyowalinganisha madume wa bonobo wa Kokolopori, Kongo, na madume wa sokwe wa Gombe. Ugomvi wa dume kwa dume ulikuwa mara mbili na zaidi kwa bonobo. Hawauani, hawaendi vitani kwa makundi, na majike huwasumbua kwa nadra. Lakini kila asubuhi wanafukuzana. Kumbe "mpole" halikuwa jambo moja. Kuna upole wa dume kwa jike, upole wa kundi kwa kundi, upole wa dume kwa dume, na kila mmoja una historia yake. Yule Mlokele wa Carrington, nadhani, angetuambia hivyo kabla hatujanunua darubini.

Barabara inayotoka Simi-Simi, ikiisha kuipita Yakusu, huendelea kufuata mto hadi Yangambi. Hapo Wabelgiji waliweka mwaka 1933 makao ya utafiti wa kilimo ya koloni lao lote, na hapo ndipo lilipopatikana jibu safi kabisa la swali la urithi ambalo nchi ya Kongo imewahi kuupatia ulimwengu. Lilihusu mchikichi.

Chikichi ziko za namna tatu. Ipo yenye gamba nene na nyama kidogo, inayoitwa dura. Ipo isiyo na gamba, pisifera, ambayo mti wake kwa kawaida hauzai vizuri. Na ipo ya katikati, tenera, yenye gamba jembamba na nyama tele, ambayo ndiyo kila mkamuaji wa mawese anaitaka. Taabu ilikuwa kwamba ukipanda mbegu za tenera hupati shamba la tenera. Unapata mchanganyiko, robo ya dura, nusu ya tenera, robo ya pisifera. Mbelgiji Beirnaert na mwenzake Vanderweyen walichapisha mwaka 1941 ufumbuzi: unene wa gamba unatawaliwa na jeni moja tu, na tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Zaa dura na pisifera, na watoto wote watakuwa tenera. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia leo yamesimama juu ya hesabu hiyo ya Yangambi. Mwaka 2013 jeni yenyewe ilitiwa mkononi.

Watu wengi wanapofikiria "jeni ya ukali" au "jeni ya uvivu" wanafikiria gamba la chikichi: swichi moja, matokeo matatu, hesabu imekwisha. Haiba haiko hivyo. Inapotafutwa katika jeni za maelfu kwa maelfu ya watu, huonekana imetawanyika kwenye vijisehemu vingi mno, kila kimoja na mchango mdogo usioweza kumtabiri mtu yeyote. Yangambi hiyohiyo, hata hivyo, ina mfano unaofaa zaidi, nao si gamba bali ni mavuno. Chukua miche ya tenera ya wazazi mbalimbali, uipande kwenye shamba moja, udongo mmoja, mbolea ileile, palizi ileile. Baadhi itazaa kuliko mingine, na kwa kuwa umeyafanya mazingira yawe sawa, tofauti zinazobaki karibu zote zitatokana na urithi. Sasa ichukue miche hiyohiyo uitawanye, mingine kwenye udongo mzuri, mingine kwenye mchanga, mingine kwa mkulima asiye na panga. Urithi haujabadilika hata chembe, ila sehemu yake katika tofauti za mavuno imeshuka. Kiwango cha urithi ni habari za shamba zima, kwa mwaka huo, chini ya mkulima huyo. Ndani ya mti mmoja hakiwezi kupimwa.

Nakaa hapa kwa sababu ndipo watu wasomi wanapojikwaa. Mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota alisoma habari za mapacha wawili wa Ohio waliotenganishwa wangali wachanga, kila mmoja akaitwa Jim na wazazi waliomchukua, wakakutana wakiwa na miaka 39 na kukuta wanafanana hata kwa mambo ya kipuuzi. Akaanza kuwakusanya mapacha wa namna hiyo, na mwaka 1990 akatangaza kwamba mapacha wa yai moja waliokua mbalimbali hufanana kwa haiba karibu sawa na waliokua pamoja. Mwaka 2015 watafiti wakakusanya miaka 50 ya tafiti za mapacha, zaidi ya jozi milioni 14, wakapima sifa za kila namna kuanzia urefu hadi huzuni. Wastani wa kiwango cha urithi ukawa asilimia 49. Magazeti yakaandika ulichotarajia: nusu kwa nusu.

Asilimia 49 haina maana kwamba nusu ya ukimya wako ulitoka kwa baba na nusu nyingine ulifundishwa na shangazi. Ina maana kwamba, katika mashamba yaliyopimwa, karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu inaendana na tofauti za jeni zao. Na mashamba yaliyopimwa yako sehemu kubwa Ulaya, Marekani na Australia, ambako watoto wengi hushiba, huchanjwa na huenda shule. Ni shamba lenye mbolea ya kutosha. Kuichukua namba hiyo na kuihamishia kwa mtoto wa Lubunga, ng'ambo ya mto mbele ya Kisangani, ni sawa na kutabiri mavuno ya mchangani kwa daftari la Yangambi.

Mazingira yenyewe huanza kabla mtoto hajaliona jua. Connie Mulligan, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Florida, alifanya kazi na wanawake 25 wa Kongo ya mashariki waliojifungulia Goma, na vichanga vyao. Aliwauliza mama hao waliyoyapitia, vita na ubakaji vikiwemo, kisha akachunguza jeni moja kwa watoto, ile inayotengeneza kipokezi cha homoni ya msongo. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Mama walioteseka zaidi walizaa watoto wenye uzito mdogo, na jeni ile kwa watoto hao ilikuwa na alama nyingi zaidi za kikemikali zinazoifumba isisomwe kikamilifu. Herufi za jeni hazikuguswa. Kilichoguswa ni jinsi zinavyosomwa, na kwenye kituo kilekile kinachoamua mwili utashtuka kiasi gani na utatulia lini.

Tafiti ya watu 25 ni ndogo na haipaswi kubebeshwa mzigo mkubwa. Lakini imeharibu kitu kimoja kabisa: lile jedwali lenye safu mbili. Mtoto alikuja nayo duniani, kwa hiyo ni ya kuzaliwa. Ilisababishwa na waliyoyafanya watu wenye bunduki, kwa hiyo si ya urithi. Bibi atakayesema mtoto huyu ni mshtukivu tangu alipozaliwa atakuwa hakukosea hata neno, na bado hajatupa habari yoyote kuhusu damu ya ukoo wake. Kisangani ambako majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga siku sita mwezi Juni 2000, katikati ya mji uliojaa watu, hili si suala la maabara.

Kuhusu miaka ya mwanzo baada ya kuzaliwa, Afrika Mashariki imetoa zaidi ya inavyosifiwa. Nadharia ya kwamba mtoto hujenga usalama wa moyo kwa kumtegemea mlezi fulani inafundishwa kila mahali kwa mifano ya chumba kimoja cha Baltimore chenye viti viwili na wanasesere. Lakini Mary Ainsworth alikwisha kuiona vijijini karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, akipita nyumba kwa nyumba katika familia 26 za Kiganda. Aliona kwamba watoto waliokuwa huru zaidi kutambaa na kuchunguza dunia walikuwa wale wenye uhakika kwamba mama, wakigeuka, atakuwepo. Halafu, mwaka 1987, Edward Tronick na wenzake wakaleta habari za Waefe wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kisangani, zilizoitia nadharia hiyo kiwiko. Kichanga cha Efe cha wiki 18 hukaa mikononi mwa watu wengine zaidi ya mamaye kwa takribani asilimia 60 ya muda, kikipokezwa mara kwa mara kutoka mkono hadi mkono, na wanawake wengine hukinyonyesha. Kwa vitabu vya nadharia hiyo vya wakati huo, hao wangepaswa kukua wamevurugika. Hawavurugiki. Wanakua wakijua kwamba kambi nzima ni mahali pa kugeukia. Mtu yeyote aliyekulia kwa bibi, mama mkubwa na binamu wanane alikuwa akijua hilo bila Tronick, lakini ni vizuri lichapishwe.

Tafiti ninayoipenda kuliko zote haina maabara wala pacha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Carol Ember alikaa na Wajaluo wa Oyugis, Kenya ya magharibi. Kwa Wajaluo wa wakati huo kazi za nyumbani ziligawanywa bila mjadala: kubeba mtoto, kupika, kuosha vyombo, kuteka maji na kuokota kuni ni za wasichana, wavulana huchunga. Lakini Mungu hagawi watoto kwa mpango wa kazi. Zipo nyumba zilizozaa wavulana mfululizo, au ambazo binti mkubwa amekwenda shule au ameolewa, na mama ana shamba la kulima na mtoto mgongoni. Hapo mvulana mmoja huambiwa akae. Hakuchaguliwa kwa sababu ni mpole. Amechaguliwa na mpangilio wa kuzaliwa, yaani na bahati, na bahati ndiyo kitu ambacho mtafiti wa malezi hukitafuta maisha yake yote, kwa kuwa inaondoa lile pingamizi la kila siku kwamba wazazi humpa mtoto kazi inayofanana na tabia yake.

Ember aliwatazama wavulana hao wakiwa hawafanyi kazi zile, wakiwa wanacheza au wamekaa na wenzao. Walikuwa wamesimama mahali fulani kati ya wavulana wengine na wasichana: ugomvi mdogo, amri chache, kusaidia zaidi. Alichokiripoti mwaka 1973 kina kipande kingine ambacho hunukuliwa mara chache. Si kila kazi "ya kike" iliyofanya hivyo. Wavulana walioteka maji na kuokota kuni tu, kazi za nje, hawakubadilika sana. Waliobadilika ni waliofanya kazi za ndani ya nyumba, zile zinazomweka mtu karibu na mama siku nzima na kumlazimisha asikilize kilio cha mtu mdogo asiyeweza kueleza anachotaka.

Hakuna mama wa Oyugis aliyekuwa amepanga kulea mwana mpole. Wengine, tukijua jinsi majirani wanavyosema, huenda waliona aibu kidogo kwamba kijana wao anashinda jikoni. Walihitaji mtu wa kumshika mtoto mpaka jembe lirudi.